Uso wa Adui

Steringi hafi. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya kibanda cha video, na hakuna aliyeibishia. Sheria ya pili haikutamkwa na mtu, lakini tuliitii zaidi: adui anajulikana kwa sura. Akitokea kwenye skrini mtu mwenye kovu shavuni, au jicho moja limefunikwa, au sauti ya kukwaruza, banda zima linalipuka, "Adui huyo!", na mwenyewe hajafungua mdomo. Hatukuwa tunakosea. Waliotengeneza filamu zile walihakikisha hatukosei.

Nililelewa Kongwa, na sasa naishi Dodoma mjini na mpwa wangu ambaye anawajua mashujaa wa Kimarekani kuliko ninavyowajua mimi majirani wa mtaa mzima. Begi lake la shule lina picha ya Spider-Man, kama mabegi ya nusu ya watoto wanaopanda daladala asubuhi. Fulana ya Batman tuliipata kwenye mitumba ya Sabasaba. Kila jioni ana swali la aina moja: "Mjomba, kati ya huyu na yule nani ana nguvu zaidi?" Ni swali zuri, lakini halinishiki. Mimi humuuliza adui wa huyo shujaa ni nani, na anataka nini. Nimeamini kwa muda mrefu kwamba shujaa hupimwa kwa adui aliyepewa, na kwamba anayepewa kazi ya kumchora adui ana mamlaka makubwa kuliko anavyodhani.

Tumchukue Superman. Alibuniwa na vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa familia za Kiyahudi zilizohamia Amerika, na akachapishwa mwaka 1938. Baba yake Siegel alikuwa na duka la nguo. Mwaka 1932 alifariki dukani humo wakati wa tukio la wizi. Siwezi kuthibitisha kwamba kijana huyo alimwota mtu asiyepenywa na risasi kwa sababu alimpoteza baba namna hiyo, lakini nikimtazama Superman nikiwa na habari hiyo, simwoni tena kama kiburi cha taifa lenye nguvu. Naona huzuni iliyovaa joho. Tatizo lake ni kwamba mtu asiyeumia ni vigumu kumtafutia mpinzani. Lex Luthor, aliyetokea mwaka 1940, ni binadamu mwenye akili tu, na hapo waandishi walikuwa wamepata kitu: nguvu dhidi ya wivu wa aliyezoea kuwa wa kwanza. Kisha mwaka 1960 wakaandika hadithi kwamba Luthor alianza kumchukia mwenzake baada ya ajali iliyomnyonyoa nywele zote. Chuki ya maisha mazima ikafungwa kwenye kichwa kisicho na nywele. Mpwa wangu aliona ni sawa. Mimi niliona waandishi wamechoka kufikiri.

Batman naye, wa mwaka 1939, ana mvuto wa aina nyingine. Hana nguvu za ajabu. Ana fedha, mazoezi na msiba. Adui wake mkuu, Joker, alikuja mwaka uliofuata, na wengi humwona ndiye adui bora kuliko wote waliowahi kuchorwa. Nakubali kwamba anatisha. Anatisha kwa sababu hana sababu. Huwezi kukaa naye chini ya mti mkaulizana nani alimkosea nani. Lakini kwangu huo ndio upungufu wake. Nyanda hizi za kati zimejaa watu wanaoamini kwamba kila ugomvi una mwanzo, na kazi ya wazee barazani ni kuurudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka mwanzo upatikane. Adui asiye na mwanzo anaturuhusu tusiulize chochote.

Nampenda zaidi Spider-Man wa mwaka 1962, wa Stan Lee na Steve Ditko: yatima anayelelewa na shangazi, mwenye madeni, anayechelewa kazini kwa sababu alikuwa anaokoa watu ambao hawatamshukuru. Angalia maadui zake. Green Goblin ni baba wa rafiki yake. Daktari Connors anayegeuka mjusi ni mtu aliyekuwa anatafuta tiba ya mkono wake uliokatika. Spider-Man karibu kila mara anapigana na mtu ambaye angeweza kumwamkia, na ndiyo maana ngumi zake zina uzito. Mtu aliyekulia kwenye kaya kubwa anaelewa bila kufundishwa. Ugomvi unaouma hautoki mbali.

Halafu kuna wale wawili ambao hunikosesha usingizi, Magneto na Killmonger. Magneto alianza mwaka 1963 kama mbaya wa kawaida, mwenye kofia ya chuma na hotuba ndefu. Katika miaka ya 1980 waandishi wakampa historia: mtoto wa Kiyahudi aliyetoka hai Auschwitz. Tangu hapo kila anachosema kuhusu binadamu wanaowachukia walio tofauti nao kinasikika kama ushahidi. Killmonger tulimwona wengi mwaka 2018 filamu ya Black Panther ilipofika, na katika vijiwe vya hapa mjini ilikuwa inazunguka kwenye fleshi kabla wengine hawajaona hata tangazo lake. Nakumbuka mabishano. Vijana wengi walikuwa upande wa adui. Walisema: nchi yenye madini na ujuzi wote ule inajificha nyuma ya pazia, watu weusi duniani kote wanateseka, na anayeuliza mmekuwa wapi ndiye anaitwa mbaya? Hata mfalme T'Challa, Black Panther mwenyewe, anabadilika kwa sababu ya swali hilo. Mwisho wa filamu anafanya sehemu ya kile alichodai adui ambaye yeye mwenyewe alimuua. Hapo ndipo nilipoona hadithi ya mashujaa inaweza kufika mbali. Adui anapokuwa na hoja, shujaa analazimika kuwa bora kuliko ngumi zake.

Lakini hata pale wachoraji hawakujizuia. Mwili wa Killmonger umejaa vinundu vya makovu, kila kimoja kikihesabu mtu aliyemuua. Kwetu mwili wenye alama hausomwi hivyo. Chale ni dawa, au ni urembo. Wazee wa Kigogo wenye ndewe ndefu za masikio walizitengeneza kwa fahari, na mjukuu alishika ndewe ya babu akilala. Mtoto wa kizazi hiki anayejifunza kusoma miili kutoka kwenye skrini anaweza kumwona babu yake mwenyewe na kusikia moyoni kelele za banda lile.

Haikuwa hivyo kila mahali. Baba zetu walisoma Spear, hadithi za picha za upelelezi zilizotengenezwa na Drum ya Afrika Kusini na kuuzwa Afrika Mashariki miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lance Spearman alikuwa mpelelezi mweusi mwenye kofia, sigara nene na gari la kifahari, wakati ambapo katika nchi ya wachapishaji wake mtu mweusi hakuruhusiwa kukaa kwenye benchi la mzungu. Mvuto wake ulikuwa heshima tu, mtu mweusi kufunguliwa mlango. Kisha sisi wenyewe tukapata gazeti la Sani, na mchoraji Philip Ndunguru, aliyefariki akiwa kijana bado katika miaka ya 1980, akatuachia Madenge, Lodi Lofa, Kipepe na Ndumilakuwili. Sikumbuki adui hata mmoja wa kuogopa kwenye kurasa zile. Ndumilakuwili alikuwa shujaa na mbaya ndani ya shati moja. Tapeli leo, kesho katapeliwa, na msomaji anamwona mjomba wake, au bosi wake, au nafsi yake. Nashangaa kwa nini hatusemi zaidi juu ya uhodari wa kazi ile. Watu walisoma gazeti moja mpaka likachanika, likipita mkono hadi mkono kwenye mabasi, bila mtu wa kupaa hata mmoja.

Turudi kwenye sura, maana hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Two-Face, aliyetokea mwaka 1942, alikuwa mwendesha mashtaka mwadilifu, Harvey Dent, mpaka jambazi alipommwagia tindikali nusu ya uso. Nusu ya uso ikaharibika, na nusu ya moyo ikafuata. Joker ana ngozi iliyobabuliwa na kemikali. Doctor Doom amejifungia ndani ya kinyago kwa ajili ya makovu. Red Skull ni fuvu tupu. Ukiwapanga mstari mmoja na mashujaa, upande mmoja una taya zilizonyooka na meno meupe, upande wa pili una wodi ya majeruhi. Na cha ajabu ni kilichotokea mwaka 1943: waandishi walimpeleka Harvey Dent kwa daktari wa upasuaji, uso ukarekebishwa, na yeye akarudi kuwa mwema. Baadaye uponyaji huo ulitenguliwa na mbaya akarudishwa. Watu wengi husifu huruma ya hadithi ile ya 1943. Mimi inanisumbua kuliko zote. Hata uponyaji wake umeshikilia imani ileile, kwamba moyo hufuata ngozi.

Nasema hivi kwa sababu Kongwa tulikuwa na bibi jirani mwenye macho mekundu.

Macho yake yalikuwa yanatoka machozi mchana kutwa, kope zimejikunja, na alikuwa akijishika uso kwa pembe ya khanga jua likipanda. Watoto wa mtaa walivuka njia wakimwona. Walisema usiku anapanda fisi. Hakuna mtu mzima aliyetuambia hivyo waziwazi, lakini hakuna aliyetukataza pia, na fisi alikuwa keshaandaliwa zamani kwenye hadithi za jioni: mlafi, mchechemeaji, asiye na haya, anayeshindwa na sungura kila usiku. Tukaja na sheria ya kibanda cha video, tukaiweka juu ya ile ya fisi, zikalingana kabisa.

Bibi yule alikuwa na vikope. Ni ugonjwa wa bakteria, unaobebwa na mikono, vitambaa na nzi kutoka uso wa mtoto mmoja hadi mwingine. Ukimpata mtoto mara moja hupita. Ukimrudia tena na tena kwa miaka, upande wa ndani wa kope huweka kovu, kope hujikunja, na nywele zake hugeukia ndani zikawa zinakwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Wanawake huumwa zaidi kuliko wanaume kwa sababu ndio wanaoshinda na watoto wadogo. Ule wekundu uliotutisha ulikuwa alama ya mtu aliyelea watoto wengi mahali pasipo na maji. Dodoma hupata mvua milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mama aliyetoka kisimani na ndoo moja baada ya mwendo wa saa nzima ana mambo mengi ya kufanyia maji yale kabla ya kunawisha watoto nyuso.

Kongwa inajulikana katika vitabu vya tiba vya dunia nzima kwa ajili ya ugonjwa huu. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na wenzao Watanzania wamekuwa wakifanya kazi katika vijiji vyetu. Mwaka 1995 walichapisha matokeo ya majaribio ya kuhamasisha kunawa uso: watoto ambao nyuso zao zilidumu safi hawakupata vikope vikali kama wengine. Walionyesha pia kitu ambacho kina mama walihitaji kukisikia, kwamba uso wa mtoto husafishwa kwa maji kidogo sana. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990, zikaja dawa za azithromaisini za kumezwa na kijiji kizima, na wauguzi waliofundishwa kugeuza kope kwa upasuaji mfupi wa ganzi.

Mama yangu ndiye aliyemsindikiza bibi kwenye upasuaji ule. Alirudi na bandeji, baada ya siku chache bandeji ikatoka, na macho yakatulia. Na alikuwa mtu yuleyule. Mkali kwa watoto wanaoangua mapera ya watu, mkarimu wa mlenda, hodari wa kukumbuka nani kazaliwa mwaka gani wa njaa. Daktari hakumwondolea ubaya wowote, maana haukuwemo. Nikisoma leo habari za Two-Face na daktari wake, namkumbuka, na naona mahali hasa hadithi ile ilipopotoka.

Wenzetu wa kaskazini-magharibi, Shinyanga na Mwanza na Tabora, wameshuhudia mabaya zaidi. Vikongwe wameuawa kwa mapanga wakituhumiwa uchawi, na kati ya ushahidi uliotolewa dhidi yao ni macho mekundu, ambayo mara nyingi huletwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe wanachopikia. Taarifa za haki za binadamu zimeliandika jambo hili mwaka baada ya mwaka. Sisemi kwamba vitabu vya picha kutoka New York ndivyo vilivyoshika panga. Imani zile ni kongwe kuliko Superman. Nasema kwamba mtoto anayefundishwa kumtambua adui kwa uso anafundishwa jambo ambalo tayari lina wafu hapa.

Ndiyo maana namsimulia mpwa wangu habari za Daredevil mara nyingi kuliko anavyotaka. Matt Murdock, wa mwaka 1964, ni wakili asiyeona anayesikia mapigo ya moyo ya mtu aliye ng'ambo ya barabara. Hawezi kuhukumu uso wa mtu yeyote, kwa hiyo anasikiliza. Nikishamaliza kumsimulia huyo namwambia kuhusu wetu, Morris Nyunyusa, mtu wa Dodoma, asiyeona, aliyezungukwa na ngoma nyingi na kuzipiga zote peke yake kama kikosi kizima. Kwa miaka mingi mlio wa ngoma zake ulitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Nchi nzima ilinyamaza kumsikiliza kabla ya kumsikiliza Rais. Mpwa wangu aliuliza adui wake Morris alikuwa nani. Nilimjibu kwamba sijui kama alihitaji mmoja.

Adui wa nyanda hizi hachoreki kirahisi. Ukame hauna shavu la kuwekea kovu. Bakteria wa vikope hana sauti ya kukwaruza. Na wakati mwingine aliyetuumiza ana taya iliyonyooka kabisa. Wazee wa Kigogo huitaja njaa ya Mtunya, iliyowapata kati ya mwaka 1917 na 1920. Mvua zilikatika, hilo ni kweli, lakini kabla ya hapo majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalikuwa yamepita, yakachukua nafaka ghalani, ng'ombe zizini na wanaume wa kubeba mizigo. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliporudi nyumbani mwaka 1919 alipita katikati ya Berlin akishangiliwa kama shujaa asiyeshindwa. Steringi, hakufa. Katika kurasa za hadithi yake nyumba iliyoachwa tupu Ugogo haikuchorwa, kama vile Superman anapomtupa adui kwenye ghorofa hatuoni waliokuwa wamelala ndani.

Mwaka jana nilimchukua mpwa wangu mpaka Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006. Nilitaka aone kwamba hadithi za picha hazikuanzia Amerika. Kuna mchoro mmoja wa rangi nyekundu, watu watano wembamba. Wawili upande mmoja wana vichwa kama waliovaa vinyago, wawili upande mwingine hawana, na wa katikati ameshikwa mikono na pande zote mbili. Mary Leakey, aliyeinakili michoro hii mwaka 1951 na kuichapisha kitabuni mwaka 1983, aliona ni utekaji: wenye vinyago wanamnyakua mtu, wenzake wanamzuia. Miaka michache baadaye David Lewis-Williams wa Afrika Kusini aliutazama mchoro huohuo akafikiria ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambapo mchezaji hupandwa na nguvu na wenzake humshika asianguke. Kwa maelezo hayo hakuna anayeteka mtu. Wote wanne wanamshikilia mgonjwa wao, au mganga wao.

Mpwa wangu alisimama pale akinyoosha kidole bila kugusa jiwe, akihesabu. Wenye vinyago ndio maadui, alisema, inaonekana. Nikamuuliza inaonekana kwa nini. Akafikiri, akasema basi labda wa katikati ndiye mbaya, wanampeleka polisi. Kisha akabadili tena. Tulibishana mpaka stendi ya Kondoa, yeye akitetea hoja ya tatu na mimi ya kwanza yake, na kondakta wa basi la Dodoma, ambaye amewahi kuuona mchoro ule akiwa shuleni, akaingilia na ya nne.